Mjadala: Tovuti ya bure inatosha, au mtu anunue jina lake kwanza?

Mtoa mada (Mjini Unguja)

Assalaam alaykum wadau. Kila nikikaa na vijana wanaotembeza wageni, wapiga picha, washona kofia na wachora piko, nasikia ombi lile lile: nitengenezee tovuti, lakini iwe ya bure. Ukiwauliza wanataka ipi, wanataka yenye mapambo. Mie naona mapambo yote siku hizi yanafanana. La kuuliza ni anwani itakuwa ya nani, na siku nikitaka kuhama natoka na nini mkononi.

Katika huduma za kutengenezea tovuti tuchukue Wix, maana ndiyo inayopendwa. Ya bure inakupa nafasi ya megabaiti 500, tangazo lao kwenye ukurasa wako, na anwani yenye neno wixsite ndani yake. Jina lako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti uliyoisajili wewe, huliunganishi mpaka ulipe. Hayo tuyavumilie. Lakini ulichokijenga kule hukifungashi ukakipeleka kwengine; siku ukiondoka unaanza upya, unanakili ukurasa mmoja mmoja. WordPress.com nayo inakubandika matangazo na jina lao, ila maandishi yako yote unayapakua kwenye faili moja ukayamimina kwenye WordPress iliyowekwa popote pengine, kwa kuwa programu yenyewe ni huria tangu ilipoanza 2003. Blogger ina sura ya kizamani, sikatai. Google waliinunua mwaka huo huo wa 2003 na ukiitazama utadhani wameisahau. Pamoja na hayo, inakuruhusu kuweka jina lako bila ya kuwalipa wao hata senti. Google Sites vilevile.

Kwa hivyo msimamo wangu: vyengine vyote viwe vya bure, jina ununue. Jina la .com ni kiasi cha dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Nani anapinga?

Papasi Mstaafu (Nungwi)

Napinga mie. Mgeni gani anasoma tovuti leo? Anaona picha ya kasa Instagram, ananiandikia WhatsApp, kesho tuko baharini. Dola 15 ni bando langu la mwezi.

Nahodha (Kizimkazi)

Sheikh, nusu nakuunga mkono. Mie pia wateja wengi wananipata kwa picha. Lakini akaunti ya ndugu yangu ilifungwa ghafla katikati ya msimu, hakuna aliyempa sababu wala mtu wa kumpigia simu. Picha za miaka zikaenda na wateja wake.

Halafu kuna hili la boti. Ubavuni mwa boti yangu nimeandikisha anwani ya tovuti kwa rangi, watu wakirudi kutoka kwenye pomboo wanaipiga picha. Fundi rangi habandui na kuandika upya kwa salamu. Nilianza na Blogger, sasa niko kwengine kabisa, na boti haijaguswa kwa sababu jina ni langu. Ningeandika ile anwani ndefu ya bure ningekuwa nimeshalipa rangi mara mbili.

Maalim (Wete)

Waalaykumu salaam. Mnazungumza dola kama kwamba kila mtu ana kadi ya benki inayokubalika nje. Kijana wa huku Pemba anayemaliza skuli hana. Kwake yeye bure si ubahili, ndiyo njia pekee iliyo wazi. Mkimwambia "jina kwanza" mnamwambia akae.

Mtoa mada

Maalim, hoja yako nzito, lakini si lazima .com. Majina ya .tz yanauzwa na wakala wa hapa hapa nchini, na wapo wanaopokea malipo kwa simu. Ipo hata .me.tz iliyowekwa kwa ajili ya mtu binafsi. Kitu ninachowaogopea vijana ni jina la bure. Mnakumbuka .tk na .ml? Kampuni ya Freenom iliyokuwa ikizigawa ilisimamisha usajili mwaka 2023, Meta, wenye Facebook, ikiwa imeshaishtaki kwa kuwa majina yake yalikuwa yakitumiwa na matapeli.

Na kufungwa kwenyewe si hadithi. GeoCities, iliyokuwa ikiwapa watu kurasa za bure, ilianza 1994, Yahoo wakainunua 1999, mwaka 2009 wakaifunga na mamilioni ya kurasa za watu. Na Machi 2024, Google walizizima zile tovuti ndogo zilizokuwa zikitoka kwenye wasifu wa biashara. Wenye nyumba za wageni waliozitegemea walilazimika kutafuta pengine.

Fundi Kompyuta (Kwerekwe)

Mnaisahau GitHub Pages, huduma nyengine ya kuweka tovuti bure. Haina tangazo, nafasi hadi gigabaiti moja, jina lako unaliunganisha bure. Dosari yake ni kuwa lazima ujue kidogo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nayo si kazi ya kuogopwa kwa kurasa nne. Faida nyengine: ukurasa wa namna hiyo ni mwepesi, unafunguka hata mtandao ukisuasua. Zile zenye mapambo mgeni anazifungua hotelini kwa Wi-Fi, wewe mwenyewe kwa bando unasubiri.

Bi Mshoni (Chake Chake)

Samahanini, na leseni je? Niliambiwa ukifungua tovuti TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wanakutaka ulipe milioni.

Mtoa mada

Bi, hilo limetokana na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Mwenye blogu alitakiwa leseni ya shilingi milioni 1, na milioni nyengine kila mwaka. Zilikuja kanuni mpya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Na msidhani visiwani tumo nje, posta na simu ni mambo ya Muungano. Picha za mabuibui yako na bei zake zisikukoseshe usingizi, ila siku ukitaka kuandika habari na siasa, soma kwanza kanuni zinazotumika wakati huo.

Maalim (Wete)

Nimefikiri. Darasani nitaanza na Blogger, maana wanafunzi tayari wana akaunti za Google. Jina tutachanga tununue moja la skuli, kisha kila mwanafunzi apewe jina dogo chini yake, yaani lake, nukta, la skuli. Akimaliza na akapata uwezo, anunue lake na maandishi yake ayapakue aondoke nayo. Hilo linawezekana?

Fundi Kompyuta

Linawezekana, na majina madogo hulipii zaidi.

Mtoa mada

Moja tu, Maalim. Pale penye mmiliki wa jina muandike skuli, na barua pepe iwe ya skuli. Asiandikwe fundi aliyewasajilia, wala wewe. Mafundi wengi huku mjini wanasajili majina ya wateja kwa barua pepe zao wenyewe, na mteja hajui mpaka siku wanapogombana.