Kushusha jetiski Ziwa Minnetonka Jumamosi: wawili, peke yako kwa kamba, au kigari cha mkono?

Msafiri_MN
Habari zenu, ndugu. Familia yetu imenunua jetiski (chombo cha majini kinachoendeshwa kama pikipiki) ya viti vitatu, na tunaishushia Grays Bay, upande wa mashariki wa Ziwa Minnetonka, jimbo la Minnesota, Marekani. Kwa kuwa sheria ya Minnesota hairuhusu jetiski kuendeshwa kabla ya saa tatu u nusu asubuhi, wenye vyombo hivi hufika karibu wakati mmoja na foleni ya matrela hurefuka. Ninalinganisha njia tatu: watu wawili, mmoja kwenye gari na mwingine kwenye chombo; mtu mmoja anayetumia kamba; au kigari cha mkono cha kusukumia chombo ufukweni. Ni ipi inayoachia upesi mteremko wa zege wa kushushia vyombo, bila kuhatarisha chombo?

Fundi_Trela
Ndugu Msafiri, kabla ya kuchagua njia, tenganisha kazi za maegesho na kazi za majini, kwa sababu foleni nyingi husababishwa na watu wanaofungua mikanda wakiwa tayari wameziba mteremko. Ukiwa pembeni, fungua mikanda ya nyuma, vaeni majaketi ya kuokolea, funga kamba mbele ya chombo, chomoa plagi ya taa za trela, na inua kiti kwa muda ili mvuke wa petroli utoke. Kaza pia vizibo vya nyuma, vya matundu ya kumwagia maji, ambavyo huwezi kuja navyo vimefungwa kutoka nyumbani, kwani sheria ya jimbo inataka viwe vimetolewa chombo kinapokuwa barabarani. Washa injini kwa sekunde chache tu ili uhakikishe betri ina nguvu, kisha uizime, maana mfumo wa moshi hupozwa na maji ambayo bado hayajaingia.

Muda huo huzipa pia bearingi za magurudumu nafasi ya kupoa. Zikizamishwa zikiwa na moto, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, yaani mipira ya kuziba. Mkanda wa winchi, yaani kifaa cha kuvutia chombo kilicho mbele ya trela, uwe wa mwisho kabisa kufunguliwa, chombo kikiwa tayari majini, kwa sababu chombo cha zaidi ya kilo 300 kikiteleza kitaangukia zege.

Mimi nachagua watu wawili: mwendeshaji akae juu ya chombo, dereva arudi rivasi mpaka nyuma ya chombo ianze kuelea, na mara chombo kitokapo, gari liondoke.

BintiPwani
Kaka Fundi, maandalizi yako nayaunga mkono yote, ila sikubali mtu akae juu ya chombo wakati trela linarudi nyuma. Gari likiteleza au dereva akifunga breki ghafla, aliye juu hana pa kushika penye uimara. Sisi hufanya hivi: mmoja husimama kwenye gati akiwa ameshika kamba ya omo, ile ya mbele ya chombo, dereva hurudisha trela, winchi inafunguliwa, na chombo kinavutwa kwa mkono hadi mwisho wa gati, mbali na njia ya wengine. Huko ndiko injini inakowashwa, kwa kuwa pampu inayosukuma jetiski kwa mkondo wa maji huvuta mchanga na kokoto panapokuwa na maji haba. Watengenezaji hutaka kina cha kati ya sentimita 60 na 90 chini ya chombo, na karibu na zege kina hicho mara nyingi hakipatikani.

Aliye peke yake anaweza kufuata utaratibu huohuo, mradi kamba iwe na urefu wa angalau mara mbili ya chombo na ifungwe kwenye gati kabla ya winchi kulegezwa. Tofauti ni kwamba gari hubaki mteremkoni, breki ya mkono ikiwa imevutwa, mpaka chombo kifungwe vizuri. Kwa hiyo, ndugu Msafiri, ukiwa peke yako, afadhali uje siku ya kazi.

Mzee_wa_Maji
Kigari cha mkono kinafaa vyombo vyepesi vya chini ya kilo 200, kama Sea-Doo Spark, tena penye mchanga mgumu na mteremko mdogo. Kwa chombo chako cha viti vitatu, wanangu, msijaribu.

Naongeza jambo la kutoka majini, ambako muda hupotea zaidi. Pandisheni chombo kwa winchi, wala msikisukume juu ya trela kwa nguvu ya injini, kwani mkondo wa pampu huchimba udongo ulio chini ya zege na kuuharibu mteremko tunaoutumia sote. Kisha sogeeni maegeshoni kwanza, ndipo mtoe vizibo, mmwage maji na kuondoa majani. Minnetonka ina kome wa milia, viumbe vamizi wanaosafirishwa na vyombo, tangu mwaka 2010, na ninaumia kila nionapo trela likiondoka na magugu kuelekea ziwa jingine.

Msafiri_MN
Asanteni sana. Tutafuata njia ya dada BintiPwani: mke wangu gatini na kamba, mimi kwenye gari. Je, kamba inayoelea ni bora kuliko ya kawaida?

BintiPwani
Inayoelea, kaka, kwa sababu inayozama huweza kuvutwa na pampu. Hata hivyo, ikunjeni yote ndani ya chombo kabla ya kuwasha.