Kitatange mfalme: madoa meupe yametoweka yenyewe, je, amepona?

Mwambani:
Wakuu, naomba msaada. Kitatange mfalme (Pomacanthus imperator), sm 11, bado ana miduara myeupe ya utotoni. Tangi ni sm 150 × 50 × 60, joto 26, densiti (kipimo cha chumvi ya maji) 1.025, amonia na naitraiti sifuri. Ndani kuna matumbawe, konokono na kamba wawili. Siku ya 9 tangu aingie alitoka madoa kama punje za chumvi mapezini. Siku ya 13 yote yametoweka bila dawa, na anakula. Amepona? Na tangi hili litamtosha hadi lini?

Refrakto:
Hajapona, mkuu. Hiyo ni Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe. Kimelea hukaa ndani ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, akishiba hudondoka, hujifungia kwenye kifuko juu ya mwamba, mchanga au kioo, na humo hujigawa. Kifuko kimoja hutoa vimelea wengi wanaoogelea kutafuta samaki, kwa hiyo madoa yakirudi yatakuwa mengi zaidi. Wengine hushika matamvua tu, usipoweza kuona doa lolote. Hapo angalia pumzi: akihema haraka au akisimama kwenye mkondo wa pampu, hali ni mbaya.

Dawa yake ni shaba, nayo humuua kimelea akiwa anaogelea tu. Akiwa kwenye kifuko au ngozini haimgusi, ndiyo maana tiba ni siku 30. Usiitie kwenye tangi hilo! Kamba, konokono na matumbawe watakufa, na mwamba utainyonya.

Andaa tangi la tiba la lita 150: hita, vipande vya bomba la PVC la inchi 4 ajifiche, sponji ya kichujio iliyokwisha kupata bakteria wa kula amonia, bila mwamba wala mchanga. Tumia shaba ya kileti (iliyofungwa na kemikali nyingine ili isiachiwe yote kwa mara moja), ipandishe kwa siku 3 hadi mg 2.0–2.5 kwa lita, na pima kila siku. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo. Ikishuka chini ya 2.0, anza upya. Wengi huangukia kwenye kubadilisha maji: wanamimina lita 40 mpya bila kuzitia shaba kwanza, kiwango kinashuka. Kosa baya zaidi ni kutia dawa ya kufunga amonia. Nyingi huvunja kileti, shaba inaachiwa kwa mkupuo na samaki anakufa. Amonia ikipanda, badilisha maji.

Samaki wote watoke, watibiwe pamoja, na tangi kubwa likae bila samaki siku 76.

Mwambani:
Konokono na kamba nao watoke?

Refrakto:
Wabaki, kimelea hawezi kuishi kwao. Ila konokono au tumbawe jipya laweza kuja na kifuko kwenye gamba au kijiwe chake. Ukiliongeza siku ya 60, umerudi siku ya kwanza.

Pezi Refu:
Akigoma kula kwenye shaba, usiongeze dozi. Ishikilie hapo hapo kwa 2.0. Njia nyingine badala ya shaba, humo humo kwenye tangi la tiba, ni kushusha chumvi hadi densiti 1.009 kwa siku 30, kwa refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) iliyosahihishwa, maana 1.012 haitoshi. Pima pH kila siku kwa sababu hushuka. Kushusha chumvi siku 2 zinatosha, kuipandisha chukua wiki nzima. Lakini kama madoa ni vumbi laini la dhahabu badala ya punje, huyo ni kimelea mwingine, Amyloodinium. Chumvi ndogo haimwui, na samaki hufa ndani ya siku chache. Hapo ni shaba.

Kuhusu tangi: hilo ni lita 450 na samaki huyu hufika sm 40. Kinachombana kwanza ni upana, kwani kwenye sm 50 hatageuka bila kusugua kioo. Mimi ningeanza na urefu sm 240 na upana sm 75, zaidi ya lita 1,000, na ningelipanga kabla rangi ya ukubwani haijakamilika. Maji peke yake ni tani moja, hivyo kagua sakafu kwanza.

Mlishe mara 3 kwa siku: mwani mkavu, kamba wadogo wa kugandishwa, na chakula chenye sponji za baharini, kwani ndicho anachokula mwambani. Chakula kikiwa duni, na vumbi la kaboni ya kuchujia maji likizagaa majini, vishimo hutokea kichwani na kwenye mstari wa ubavuni. Osha kaboni hadi maji yatoke safi kabla ya kuiweka. Na matumbawe yenye nyama pamoja na makombe atayadonoa, hata akiwa ameshiba.