UZI: Nimesimama mlangoni, funguo mkononi, simu inamwambia mgeni nyumba yangu haipo!

MwenyeNyumba_Jambiani:
Jamani nna hasira mpaka mikono inatetemeka, nikikosea herufi mtanisamehe.

Yule fundi wa tovuti. Mnamjua. Pwani yote hii ya mashariki hakuna mwenye gesti ambaye hajapita mikononi mwake. Yule wa miwani juu ya kichwa usiku na mchana, na maneno yake ya "mama, mie nakutia duniani". Kanitia kweli. Kanitia kaburini.

Leo asubuhi, saa nne kasorobo, nipo mlangoni kwangu, funguo mkononi, kahawa iko jikoni inachemka. Wakaja wageni wawili, mtu na mkewe, Wataliana, mabegi mgongoni, wanatafuta chumba. Nikawakaribisha. Chumba kipo, shuka nimetandika mwenyewe, juu yake nimemwaga asumini. Yule mke akatoa simu, akaiuliza akili mnemba habari za nyumba yangu kwa jina lake, huku anakitazama kibao changu! Akanisomea jibu kwa sauti: hakuna taarifa za kuthibitisha kuwa nyumba hii ipo.

Ipo! Begi lake limeegemea ukuta wa nyumba ambayo haipo! Kisha simu ikampa jina la jirani yangu. Wakenda. Wallahi wakenda, na mkono wakanipungia.

Tovuti ile nimeilipia laki tisa. Nimempigia, ananambia "mama, yako ni nzuri kuliko za mahoteli". Nzuri, ndiyo. Mnazi unayumba, na jua linazama baharini. Jambiani! Kwetu jua linatoka baharini, linazama kwenye migomba. Na bei, vyumba, kifungua kinywa, namba ya simu, vyote kavichora ndani ya picha. Mwanangu ndiye aliyenionesha: bonyeza neno kwa kidole ulikopi, halikopiki. Zile mashine zinazozunguka kukusanya habari zinatafuta maandishi. Neno lililochorwa ndani ya picha mara nyingi zinalipita kama zinavyoupita mnazi.

Jirani ana ukurasa mmoja mweupe, kaandikiwa na mpwa wake. Vyumba vinne, bei hii, kifungua kinywa kimo, baharini ni hatua mia moja. Basi. Huyo ndiye aliyeko duniani. Mie nimesimama na funguo mkononi, na sipo.

Kibunda_wa_Paje:
Pole sana Bi mkubwa. Huyo huyo ndiye aliyenitengenezea mimi. Yangu ukiifungua kinatokea kiduara kinazunguka, maneno yanakuja baadaye kwa JavaScript, yaani programu inayoyajenga ndani ya simu ya mgeni. Nimekuja kuambiwa kuwa roboti nyingi za akili mnemba, ndizo hizo mashine zinazokusanya habari, hazisubiri hayo, zinasoma kilichokuja mwanzo zinakwenda zao. Kilichokuja mwanzo kwangu ni neno "Subiri". Mwaka mzima duniani naitwa Subiri.

ChumviYaUroa:
LAKI TISA. Mtu hununui mbuzi bila kumfungua mdomo ukamtazama meno, umenunua tovuti kwa kutazamishwa mnazi.

MwenyeNyumba_Jambiani:
Wewe Chumvi kaa kando. Ungekuwepo pale mlangoni ukamuona yule mke anavyonisomea, taratibu, kama anamsomea mgonjwa majibu ya hospitali, usingecheka.

fundi_Mwanakwerekwe:
Shikamoo mama. Nimekwenda kuitazama tovuti yako. Kaa kitako kwanza.

Kila tovuti ina faili dogo linaitwa robots.txt, ndilo roboti wanalolisoma kabla hawajaingia. Utaratibu huu upo tangu 1994. Lako lina mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Yaani roboti wote, wa kampuni yoyote, wasiguse hata ukurasa mmoja. Mafundi huuweka wakati wa kujenga, siku ya kufungua wanauondoa. Huyu kausahau. Kwa hivyo hata angeandika kila kitu kwa maandishi safi, GPTBot, roboti wa OpenAI wenye ChatGPT, angefika, akasoma "usiingie", akageuka. Googlebot, roboti wa Google, naye vilevile. Ni roboti wenye adabu, wakiambiwa rudi wanarudi.

MwenyeNyumba_Jambiani:
Yaani mie nipo nje na funguo mkononi, yeye kwa ndani katia komeo??? NA NIMEMLIPA???

Mkwezi77:
Komeo litaondoka kwa dakika moja, mama, usilie. Kubwa ni jina. Kibaoni umeandika vyengine, Facebook vyengine, kwenye ramani ya Google vyengine tena, na simu ni ile ya zamani. Mashine itajuaje kuwa zote ni nyumba moja? Jina moja, simu moja, shehia moja, kila pahala.

Halafu andika yale wageni wanayouliza, kwa maneno yao. Jambiani si wote wanauliza bahari imekwenda wapi? Eleza. Bamvua maji yanatoka mpaka kina mama wa mwani unawaona kwa mbali kama vijiti, maji mafu hayatoki sana, kuogelea ni maji yakijaa. Mtu akiiuliza simu yake habari ya kuogelea Jambiani, iwe na kitu cha kukichukua kutoka kwako.

MwenyeNyumba_Jambiani:
Hayo ya bahari nayajua tangu nna miaka mitano, nilikuwa nafatana na bibi yangu kwenye mwani. Na yule fundi hakuniuliza! Hakuniuliza vyumba vingapi, hakuniuliza wageni wanapenda nini, hakuniuliza hata jua linatoka upande gani! Kapiga picha kibao, kachukua laki tisa, kapanda Vespa yake.

Mtembezaji_Mjini:
Nyie afadhali. Mgeni wangu kaambiwa na simu kuwa bima ya kuingia Zanzibar si lazima. Ni lazima kwa wageni wa nje tangu 1 Oktoba 2024, dola 44. Kafika uwanja wa ndege kanikodolea macho mie kama bima nimeitunga nyumbani. Kumbe simu imeokota kwenye ukurasa wa kampuni moja ya utalii, wa zamani, hauna tarehe, mwenyewe hajaugusa tokea kuuandika.

Kibunda_wa_Paje:
Hao wanaoacha kurasa za zamani ndio wabaya kuliko fundi.

ChumviYaUroa:
Wabaya ni papasi, hawa wanaowadaka wageni kuwatafutia hoteli. Nimetoka bandarini na mabegi yangu mawili, papasi kanikamata kaniuliza kwa Kiingereza nataka hoteli. Mie! Wa Uroa!

Papasi_Mstaafu:
Papasi tulimpeleka mgeni kwenye nyumba iliyopo. Hiyo simu yenu haijui hata kilichopo mbele yake.

MwanaWete:
Nyie Unguja mnalia nyumba moja haipo. Sisi Pemba kisiwa kizima hakipo. Mgeni anauliza wanyama wa Zanzibar, simu inampa kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, basi, imemaliza. Popo wetu wa Kidike, ambao duniani wapo Pemba tu, hawatajwi. Kwa sababu hakuna anayekaa kuwaandika ipasavyo!

Mtembezaji_Mjini:
Kima punju ndio wa kwetu, popo mkae nao.

MwanaWete:
Kima punju hata kwetu Pemba, msitu wa Ngezi, wapo. Walipelekwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

ChumviYaUroa:
Ngezi kima punju? Umeona tumbili wewe.

MwenyeNyumba_Jambiani:
Jamani nyumba yangu! Nawaona kutoka hapa, wamekaa kwenye baraza ya jirani, wanakunywa kahawa. Na kahawa yangu imeungua.

MwanaWete:
Pole mama. Chumvi, tumbili hana mgongo mwekundu. Nimemuona kwa macho yangu, Ngezi, juu ya mti.

ChumviYaUroa:
Leta picha.

MwanaWete:
Simu iliisha chaji.