UZI WA MALALAMIKO: Waandishi wa simulizi za upelelezi, Bwana Msa amewaumbua

Wakuu, salaam. Mods, msiuunganishe uzi huu na mwingine.

Sisi tusiopenda simulizi za upelelezi tumesemwa vya kutosha: hatuna subira, tumezoea mapenzi, vichwa vizito. Sawa. Sasa mchukue mtu wa aina hiyo, mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, uone kama atakiweka chini. Kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, kikachapishwa 1960. Hakuna helikopta wala mrembo mwenye bastola kwenye mkoba. Kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kuna msaidizi wake Najum anayeuliza yale ambayo msomaji angeuliza, na kuna maiti mzimuni. Majibu hayatoki kwa mashetani. Yanatoka kwenye nasaba za watu na siri zao. Asiyependa upelelezi anajikuta anarudi nyuma kurasa kumi kuangalia nani alisema nini.

Na hicho ndicho kinachokera! Kumbe inawezekana. Mtu wa Unguja aliweza kabla hata ya uhuru, nyie waandishi wa simulizi za mtandaoni mnatuuzia nini kwa buku?

Tuanze na muuaji. Simulizi ina sehemu 50, muuaji anatokea ya 48, eti binamu aliyekuwa Dubai. Mwaka 1929 padri wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za hadithi hizi, na ya kwanza ni kwamba mhalifu atajwe mapema. Nyingine inakataza pacha wa kushtukiza. Nyie mapacha ndio mtaji wenu.

Halafu huu wizi wa mchana: "Inspekta aliiona ile karatasi, akatabasamu, akaitia mfukoni." Imeandikwa nini? Hatuambiwi mpaka mwisho. Huko si kuficha dalili, ni kumnyima msomaji haki yake. Dalili hufichwa ikiwa wazi. Iweke katikati ya vitu vitatu, kisha piga kelele pembeni: "Mezani palikuwa na kikombe, miwani na funguo za gari. Mara umeme ukakatika." Msomaji anakimbilia giza, miwani anaisahau. Marehemu hakuwa akivaa miwani, na hilo lilishasemwa sehemu ya pili. Basi, umemshika bila kumdanganya.

Na kwa kuwa mnauza vipande vipande, dalili ya sehemu ya 6 haiwezi kukaa kimya hadi ya 41. Wiki tano zimepita, nani anakumbuka? Irudishe mara mbili njiani, kwa sura nyingine. Badala yake kabla ya kila "Itaendelea" lazima risasi ipigwe. Bastola yenyewe ni ya silinda, matundu 6, mtu anafyatua mara 11 bila kujaza.

Maiti sasa. Daktari anagusa shavu: "Amekufa saa nne na robo." Kwa kipimo gani? Maiti huanza kukakamaa taya na shingo, kama saa 2 hadi 4 baada ya kufa, mwili mzima hukakamaa baada ya kama saa 12, kisha hulegea polepole. Unapata makadirio, dakika hazimo. Na kuna dalili tamu mnaiacha bure: damu hutuama upande wa chini. Aliyelala chali hupata weusi mgongoni, na baada ya saa 8 hadi 12 weusi huo hauhami hata ukimgeuza. Maiti imekutwa chali na weusi uko kifuani? Kuna mtu aliigeuza. Hapo sehemu nzima imeshajiandika, bila risasi hata moja.

#2: Mkuu, ongezea joto. Dar mchana, nyuzi 32, mwili unapoa taratibu mno, kipimajoto hakikusaidii sana. Na joto huharakisha kukakamaa na kulegea pia. Saa za vitabu vya nchi za baridi usizibebe nzima nzima. Halafu kile kitambaa cha klorofomu! Sekunde mbili mtu chini. Kwa kweli ni dakika kadhaa za kukibana puani, na kipimo kikizidi unaua.

#3: Mnataka ubora wa kitabu kwa buku? Mwandishi anatuma sehemu kila siku, ahariri saa ngapi?

#1: Aandike sehemu ya mwisho kwanza, kabla hajauza ya kwanza. Akishajua nani kaua na kwa nini, atajua aweke nini wapi. Hiyo haina gharama.

#4: Wakuu, ninayo simulizi kali ya upelelezi, full sh. 1,000 tu, njoo inbox.

#1: Muuaji anatajwa mara ya kwanza sehemu ya ngapi?

#4: Ya 49 mkuu. Utashangaa!