Kuja Tanga kujitolea kwa ajili ya mbwa koko: naomba mwongozo

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimepata likizo ndefu kidogo, nami ninakusudia kuja nyumbani Tanga na mwenzangu wa hapa Leicester, ambaye ni Mwingereza, ili tujitolee kuelimisha watu kuhusu mbwa koko na paka wa mitaani. Wanaoijua hali ya huko watuelekeze: tuanzie wapi, na tujihadhari na nini?

*

Waaleikum salaam, dada yangu, na karibuni sana. Nitajibu kwa urefu, kwa kuwa nimeona wageni wenye nia njema wakikosa wasikilizaji kwa sababu walitanguliza huruma pale walipopaswa kutanguliza kichaa cha mbwa.

Mzazi wa Makorora anayehangaikia chakula cha jioni hatasimama kusikiliza hotuba ya haki za mbwa. Lakini mwambie kwamba ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwamba karibu watu wote wanaoupata duniani huambukizwa na mbwa, na kwamba wanne katika kila kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapo atakukaribisha barazani na maswali hayatakwisha. Ndipo mtakapomweleza kwamba wakichanjwa mbwa asilimia 70 wa eneo, maambukizi hukatika, ilhali kuwaua kwa risasi au sumu hakusaidii, maana waliobaki huzaana upesi (mimba ya mbwa ni siku 63 hivi) na wengine huhamia kwenye jalala lile lile.

Tena msidhani kila mbwa wa mtaani ni koko. Nendeni soko la samaki la Deep Sea asubuhi, samaki wanapoparwa: yule aliyejilaza chini ya meza akingoja matumbo hana hata kamba shingoni, lakini muuzaji atawaambia ni wa nyumba gani na hurudi saa ngapi. Mwenye nyumba hiyo ndiye mnayemtafuta, kwa kuwa ndiye atakayemleta mbwa siku ya chanjo.

Suala la najisi mlikabili kwa adabu. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo msimshurutishe mtoto wa madrasa amshike mbwa ili mpate picha. Mwendeeni ustadhi wake. Yeye anaijua hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na ikitoka kinywani mwake itasikilizwa kuliko kipaza sauti cha mgeni. (Paka hawahitaji wakili; kuna nyumba hapa Ngamiani ambamo paka hula kabla ya baba.)

Pigeni hodi kwanza kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, ila msiizungushe kama bakora. Chanjo msizibebe kwenye begi, kwani hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kuchanja ni kazi ya wenye taaluma. Ninyi fundisheni jambo moja watu walishike: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asipake pilipili wala majani, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Nanyi mchanjwe kabla ya kusafiri.

*

Naongeza neno kutoka Hamburg. Dada, tazama pasipoti yako. Kama ulishachukua uraia wa Uingereza, Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo mbele ya Uhamiaji wewe pia huhesabiwi raia, na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi ya kujitolea. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowahusu wanaojitolea, na maombi yake huambatana na barua ya taasisi inayowapokea. Itafuteni taasisi hiyo kabla ya kukata tiketi.