Tupeane uzoefu: hela gani ya nyumbani iliishia kwenye banda la gemu?

Kiazi Mbatata

Wakuu, salama?

Juzi nilipita mtaani nilikokulia, Temeke. Lile banda la gemu tulilokuwa tunashikana mashati siku hizi wanakaanga chipsi. Ila ukutani maandishi ya rangi ya mafuta bado yapo: MECHI 100, HAKUNA KUKOPA, UKIVUNJA PEDI UNALIPA. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kavu au zege.

Naanza mimi. Mwaka 2007, darasa la sita, mama kanituma mashine na mahindi plastiki moja pamoja na hela ya kusaga. Banda lipo njiani. Nikasema mechi moja tu, hiyo mia nitamwambia wamepandisha bei. Nikakaa na jamaa mmoja kachukua Inter. Wa PES 6, lile gemu la mpira, mnamjua Adriano, nguvu ya shuti 99. Ukimwachia akabonyeza kitufe cha mraba, nguvu ikajaa, kipa anaingia wavuni na mpira wake. Nikala mkono. Sasa kufungwa tano mbele ya watu kumi walioegemea ukuta wanasubiri utoke, wakuu, si jambo la kuondoka nalo hivihivi. Nikaweka mia nyingine. Na nyingine.

Mahindi yalirudi nyumbani yakiwa mahindi. Nikamwambia mama mkanda wa mashine umekatika. Hata sijamaliza sentensi, mama jirani huyo anapita na ndoo ya unga kichwani, unga bado unatoa joto: "Mama Fulani, kimbilia mashine, leo hakuna foleni kabisa!"

Mwiko ulivunjika siku ile. Nyingine ni zenu. Hadithi iwe yako, siyo ya binamu.

Mpenda Uzi

Nimechukua kigoda changu, nakaa hapa.

Binti wa Banda

Mimi nilikuwa upande unaopokea hizo hela zenu. Banda lilikuwa la mama yangu, Morogoro, kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. TV mbili za chogo, mashine mbili za gemu za PS2, mabenchi, na pazia la khanga mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo.

Watu wanadhani kazi ya banda ni kukaa na kupokea mia mia. Kazi yenyewe ni kuuza dakika. Lile gemu lilitengenezwa kwa mtu aliyeko sebuleni kwake na jioni yake nzima. Sisi ilibidi tulikatekate kama mkate. Mama hajui Kiingereza na pedi hajawahi kuishika, lakini mahali pa kupanga urefu wa mechi alipajua kuliko wachezaji wote. Alianza na dakika kumi, akaona foleni inafika barabarani, akashusha hadi tano. Dakika za nyongeza akazima, penalti akazima. Sare, wote mnatoka.

Wakanuna wiki mbili hivi. Halafu uchezaji wenyewe ukabadilika, nami niliuona kwa macho yangu. Zamani mtu akiwa na timu dhaifu anapaki basi, anasubiri penalti. Kwetu sare ni hasara ya wote wawili, kwa hiyo ikifika dakika ya sabini mabeki wa pande zote hawako nyuma tena. Vijana wa mtaa wa pili, ambako penalti zilikuwepo, wakija kwetu walikuwa wanasema watu wa huku wanacheza kama wamefukuzwa na nyuki. Kocha wao alikuwa mama, na hajafunga goli hata moja maishani mwake.

Hii ndiyo sababu magemu ya hadithi hayakuwa na maisha kwenye mabanda. Nani alipe mia kutazama wazungu wanaongea? Mpira na ngumi, basi. San Andreas, lile la jamaa anayezurura mjini na misheni zake, tuliuza kwa nusu saa, na ilikuwa kero tupu, maana anayecheza peke yake hana wa kumtoa. Muda ukiisha lazima umng'oe.

Kuhusu hela za nyumbani: tulizijua. Mtoto akija na noti ya elfu tano imekunjwa mara nne na imelowa jasho, hiyo si yake. Mama anamuuliza, "Umetumwa nini?" Akibabaika anarudishwa. Ila nisiwe mnafiki. Siku ambayo LUKU imebaki uniti mbili, mama naye alikuwa haulizi.

Lenzi Imechoka

@Binti wa Banda nina swali la miaka mingi. Ile PS1 ya mtaani kwetu ilikuwa inachezewa miguu juu, kichwa chini. Ikikaa kawaida CD haisomi. Tuliambiwa mwenyewe kaenda kwa mganga.

Binti wa Banda

Hahaha, mganga ni hila tu ya mwenye banda kutaka aogopwe. Zile PS1 za mwanzo lenzi inatembea juu ya reli ya plastiki, na kifaa cha umeme kipo karibu, kinachemka. Plastiki inalika, lenzi inalala upande. Ukigeuza mashine, lenzi inakaa tena sehemu yake. Ilisaidia miezi kadhaa, baadaye hata kuigeuza haisaidii.

Sinia la Viazi

Mie niko Kisauni, Mombasa, na ni mwanamke, msinirukie.

Nyumbani kwetu twauza viazi karai. Mamangu akinipa sinia nizungushe jioni. Wavulana wa gemu huwa na njaa lakini hawataki kuinuka wakapoteza zamu, kwa hivyo nikipita pale viazi vyaisha mara moja. Niliingia kwa biashara wallahi, sikuingia kwa mchezo.

Siku moja mmoja akaniachia pedi anicheke. Tekken 3, gemu la ngumi, shilingi kumi, mshindi akaa. Nikamchukua Eddy, yule wa mateke ya kuzunguka. Walisema Eddy si kujua, ni kubonyezabonyeza tu. Haya, na wewe si ubonyeze? Tangu alasiri hadi magharibi sijainuka kitini. Huku nyuma yangu sinia laliwa kwa deni, kila mtu anyosha mkono, "niandikie". Niandike na nini, na mikono yote miwili iko vitani?

Nilirudi na sinia tupu na shilingi thelathini. Mamangu hakunipiga. Alivaa buibui lake, akaenda mpaka kibandani, akasimama mlangoni akamwita kila mmoja kwa jina la mamake. Alilipwa palepale, na wawili wakalipa viazi ambavyo hawakula.

Kisha njiani akaniuliza, "Lakini uliwashinda?"

Sasa nikimwona Sylvia Gathoni, Queen Arrow, Mkenya mwenzetu aliyesajiliwa na timu ya ng'ambo kwa sababu ya Tekken, huwaita wanangu waje watazame. Wao wataka katuni.

Mjukuu wa Barazani

Mimi sikula hela, nilikula chaji. Ng'ambo, Unguja. Babu yangu aliletewa Nokia 3310 na mwanawe aliyeko Muscat. Usiku akilala naichukua, nacheza nyoka mpaka simu inalia kuomba umeme. Asubuhi Muscat wanapiga, simu imezimika. Babu akaamini betri za Oman ni za joto, hapa hazifai.

Sasa sikilizeni. Katika simu ile, chini ya nyoka, kulikuwa na gemu linaitwa Bantumi. Siku nilipomwonesha babu alivua miwani. Ni bao! Wafini wametia bao kwenye simu. Akaichukua hadi barazani kuwaonesha wenziwe, wazee ambao bao kwao si mchezo, ni heshima ya mtu. Wakaikagua kama wanavyokagua posa. Mmoja akasema: safu mbili? Bao lina safu nne, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Nyumba iko wapi? Mtu anaanza na kete ishirini na mbili mkononi ananamua, anazitia moja moja, hapa mkono uko wapi? Wakahukumu kuwa ni la kufundishia watoto, simu ikarudishwa.

Usiku ule nilipokwenda kuiiba sikuikuta. Mwanga ulikuwa ndani ya chandarua cha babu. Nikamsikia ananong'ona, "Wewe simu, unaiba kete."

Tangu hapo tukawa wezi wawili wa chaji moja.

Mtu wa Sumbawanga

Nitaharibu furaha kidogo, mnisamehe.

Kaka yangu alikuwa moto kwenye PES, mpaka watu wanamwekea dau. Elfu mbili kila upande, mwenye banda anakata chake. Kwa kweli alileta hela nyumbani, siyo kutoa, na mzee alikuwa anajifanya haoni. Baadaye pembeni ya banda yakaja madubwi, zile mashine za kulisha sarafu. Kaka akaona ni yaleyale: taa, sauti, ushindi. Si yaleyale. Kwenye pedi ukifungwa unajua kidole gani kimekosea. Dubwi halina kidole cha kulaumu, na yeye alikuwa ameshazoea kuamini kwamba mechi ijayo ameshamsoma mtu. Redio ya mzee iliondoka, baiskeli ikafuata.

Yuko vizuri sasa, ana bodaboda yake. Banda hata kwa nje hapiti.

Mpenda Uzi

Pole mkuu. Hata WHO wameuweka ulevi wa gemu kwenye orodha yao ya magonjwa, ICD-11, imeanza kutumika 2022.

Mtu wa Sumbawanga

Asante. Ila yeye hakuwa mgonjwa wa gemu. Alikuwa mzuri mno kwenye gemu, ndipo shida ilipoanzia.

Baridi ya Ohio

Niko Columbus. Nilinunua PS5 mwaka juzi, sebule nzima yangu, televisheni kubwa kuliko mlango wa banda letu la Tabata. Nacheza mtandaoni na mtu simjui. Nikimfunga mbili anazima, anapotea. Banda lilikuwa na mlango mmoja na ulikuwa umejaa watu. Ukifungwa, unakaa unafungwa mpaka filimbi.

Hela yangu ilikuwa ya twisheni, shilingi mia tano kwa wiki. Hesabu mpaka leo sijui, muulizeni mke wangu.

Saa Nane Mchana

Mimi sina hadithi ya hela ya nyumbani, nina kesi.

Mwananyamala, tulikuwa na kibanda chenye memori kadi moja tu, ile nyeusi ya megabaiti 8, ya watu wote. San Andreas ina nafasi nane za kuhifadhi. Nafasi ya tatu ilikuwa yangu na kila mtu alijua. Nilianza na CJ, yule jamaa wa gemu, akiwa na baiskeli. Bila kodi za hela, wakuu, zile siri za kubonyeza vitufe upewe hela ya bure, ile ya R1, R2, L1, ekisi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, sikuwahi kuitumia, niliona ni wizi. Nusu saa kwa nusu saa, likizo mbili nzima, hela ya maandazi ya shule yote. Nikafika Las Venturas. Najua kuna watu humu hawajawahi kuuona ule mji, wameishia kumfukuza yule jamaa wa treni.

Jumatatu nakuja, nafasi ya tatu kuna mtu yuko misheni ya pili. Ya pili! Kahifadhi juu yangu. Niliuliza, kila mtu anaangalia dari. Mwenye banda akaniambia, "Anza upya, si unaijua njia?"

Sijawahi kuanza upya. Kama uliyefanya hivyo uko humu, jitokeze tu, hasira zilishaisha.

Kiazi Mbatata

Duh. Hii ni ya mahakamani kabisa.

Mgeni Mtulivu

@Saa Nane Mchana ni kile cha karibu na kisima, mlango wa bati la bluu? Ilikuwa mwaka gani mkuu? Nauliza tu.