Mteja wa nje anataka niache ngozi kwenye mikanda ya mbwa. Nifanyeje?

Mama Bobi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, nikaona nililete hapa maana wamo mafundi, wafugaji na hata madaktari wa mifugo.

Nina karakana ndogo Arusha, vyumba viwili nyuma ya nyumba. Tunatengeneza mikanda ya shingoni ya mbwa na kamba za kuwatembezea. Chini ngozi ya ng'ombe, juu shanga. Shanga wanashona akina mama wanne wa Kimaasai kutoka Monduli. Mimi na kijana wangu tunakata ngozi na kugonga ribiti. Wanunuzi ni watalii, pamoja na duka moja dogo la Ujerumani linalochukua mikanda 60 kila baada ya miezi mitatu. Niseme ukweli, hilo duka ndilo linalolipa ada za shule.

Sasa yule dada mwenye duka kaniandikia. Wateja wake wanauliza ngozi inatoka wapi na imelainishwa kwa dawa gani. Akamalizia kwa kupendekeza nihamie ngozi bandia ili kusiwe na mnyama ndani yake. Nilicheka peke yangu, maana mvaaji mwenyewe anakula nyama kila siku. Lakini nilipokaa kumjibu nikakuta sina jibu hata moja. Ngozi nanunua kwa mzee mmoja sokoni. Anakunjua roli, nachagua, nalipa. Nikimuuliza kaitoa wapi anasema "kiwandani". Kiwanda kipi? "Kiwandani, mwanangu."

La pili ndilo limeniuma. Bobi wangu mwenyewe nilimvalisha mkanda mwekundu wa hapa hapa karakanani. Masika haya shingo ikanyonyoka manyoya duara zima, chini kwekundu. Nikauvua, ikapona. Kosa ni rangi, ngozi, au kile chuma cha kufungia?

Nibaki na ngozi au nihame? Na nikibaki, nimjibu nini bila kumdanganya? Lile la mbwa kuvaa shanga wakati watu hawana viatu msinisumbue nalo, nimeshalisikia nyumbani.

Jembe la Mkono

Watu hawana viatu, mbwa anavaa shanga. (Natania dada.)

Hakuna ng'ombe aliyechinjwa kwa sababu ya mkanda wako. Kachinjwa kwa ajili ya nyama, ngozi ikabaki. Usipoitumia wewe itafukiwa shimoni. Mwandikie hivyo hivyo, mjadala uishe.

Kahama Stendi

Jembe, hapo umekata kona. Hoja ya "ngozi ni mabaki" inasimama pale tu ambapo nyama ndiyo yenye bei. Muulize mwenye punda. Wachina wanachemsha ngozi ya punda kupata gundi ya dawa, ejiao, na bei ya ngozi ilipopanda nyama ikawa ndiyo mabaki. Kenya walifungua machinjio ya punda, wizi ukawa wa kila usiku, mtu anaamka anakuta kichwa na kwato. 2020 serikali yao ikapiga marufuku, mwaka uliofuata mahakama ikatengua. Mpaka Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaingilia kati kuzuia biashara hiyo bara zima.

Kwa ng'ombe wetu nakubaliana na wewe, ngozi haimchinjishi mtu ng'ombe. Mfugaji hapati hata senti ya maana kwayo. Ila dada asiandike sentensi hiyo kama vile ni sheria ya dunia. Aseme ni ng'ombe, aseme ni wa machinjio gani.

Fundi Kariokor

Dadangu, niko Nairobi, ngozi nimeishika tangu nikiwa kijana. Yule mama wa Ujerumani amekuuliza maswali mawili na wewe umesikia moja. La mnyama ni la dhamiri, kila mtu na yake. La dawa ndilo lenye kazi.

Zaidi ya robo tatu ya ngozi duniani husindikwa kwa kromu, dawa ya madini. Inachukua siku chache, inatoka laini, haiogopi maji. Ikitoka kwenye pipa ina rangi ya bluu, ndiyo wenyewe huiita weti bluu. Shida ni maji yanayobaki. Kiwanda kikiwa na mabwawa ya kuyasafisha ni sawa, kisipokuwa nayo yanaishia mtoni, na watu wa chini wanateka hapo hapo. Ile nyingine ni ya magome ya miti. Kwetu huku ni miwati. Hiyo inakula wiki kadhaa, inatoka ngumu na ya kahawia, na bei iko juu.

Huhitaji maabara kujua unayo ipi. Kata ukingo kwa kisu kikali, uangalie katikati. Ukiona mstari wa bluu au kijivu, hiyo ni kromu. Ukiona kahawia tupu mpaka ndani, ni magome. Kama imepakwa rangi hadi katikati, kata kipande cha upana wa kidole, kitie kwenye maji yanayochemka dakika moja. Ya magome itajikunja na kusinyaa. Ya kromu inakutazama tu. Wengine watakwambia uichome moto uangalie majivu. Usifanye. Kromu ikiungua inaweza kugeuka sumu na moshi utauvuta wewe.

Kuhusu ngozi bandia, yangu ni fupi: mmeyaona makochi ya sebuleni yanavyochubuka mgongoni? Ndiyo hiyo. Ni plastiki juu ya kitambaa. Haina mnyama, kweli. Baada ya mwaka mmoja au miwili haina kazi pia.

Mpemba wa Hamburg

Bi mdogo, naishi huku, niongeze moja. Tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya hauruhusu ngozi inayogusa mwili wa mtu kuwa na kromu ya sita zaidi ya miligramu 3 kwa kilo. Kromu inayotumika kusindikia ni ya tatu, haina balaa kubwa. Lakini ikisindikwa vibaya au ikipigwa na joto kali, sehemu yake inageuka kuwa ya sita, na hiyo inaleta mzio. Kamba ya kumtembezea mbwa mtu anaishika mkononi kila siku, kwa hiyo msione anawaonea. Na usimwandikie "rafiki wa mazingira" kwa sababu tu inapendeza, huku watu wanataka karatasi.

Jengine, nyumbani Pemba mbwa hafugwi ndani, ila paka kila nyumba anao. Ukitengeneza ya paka, weka kifungio kinachoachia chenyewe akining'inia. Na wateja Waislamu watakuuliza kama kuna ngozi ya nguruwe kwenye bitana. Ijue mapema, maana hiyo kwetu hata isindikwe vipi haitwahariki.

Magome zamani tulitumia ya mkandaa. Msirudi huko, mikoko imebaki michache.

Dkt wa Ng'ambo ya Mto

Mimi ni daktari wa mifugo. Sijamwona Bobi, kwa hiyo nasema kwa jumla. Umesema masika. Mkanda ukilowa na usipokauka, manyoya chini yanakaa na unyevu, bakteria na fangasi wanaingia. Mara nyingi ndicho kisa, kabla hata ya kulaumu kemikali. Lakini kama kunyonyoka kumefuata duara zima la mkanda, rangi nayo naishuku. Kingekuwa chuma chenye nikeli, ungeona doa mahali pale tu chuma kinapogusa. Lowesha kitambaa cheupe, usugue mkanda. Kikitoka chekundu, unajua. Mkanda uache vidole viwili vipite, na usiku avuliwe.

Lililonitisha mimi hamjalizungumza. Vipande vinavyobaki ukikata, unavipeleka wapi? Nimempasua mbwa tumboni nikatoa kipande cha ngozi ya kiatu kilichovimba kama sponji. Mtu alimpa atafune kwa sababu "ni ngozi, si ni nyama tu?" Ngozi iliyosindikwa si chakula. Hata ile ghafi inayouzwa madukani kama mfupa wa kutafuna inaweza kumkaba au kuziba utumbo akiimeza kipande kikubwa.

Mama Bobi

Dokta, hapo umenishika pabaya. Vipande huwa nawapa majirani wenye mbwa. Kuanzia leo basi.

binti wa mkonge

Tanga tuna katani mpaka basi. Kwa nini usisuke mikanda ya katani? Haina mnyama wala plastiki, na inaoza ikitupwa.

Fundi Kariokor

Binti, umewahi kuvaa katani shingoni? Kamba ya kushika mkononi labda, ukiiwekea pamba ndani. Shingoni mbwa atakulaani.

Mchunaji

Nimesoma uzi wote kimya. Nachuna ng'ombe machinjioni Kanda ya Ziwa mwaka wa kumi na moja.

Mnazungumzia kiwanda, lakini ngozi inaharibikia kwetu kabla kiwanda hakijaiona. Ng'ombe kapigwa chapa ubavuni mara tatu, kila aliyemnunua kaweka yake. Kupe wamemtoboa, miiba imemchana. Anafika kwangu, na mimi nalipwa kwa kichwa, si kwa ngozi nzima, kwa hiyo kisu kinakimbia. Kila kisu kikiteleza kuna tundu au mkwaruzo unaoonekana baadaye. Halafu ngozi inakunjwa na damu yake, inakaa kutwa nzima kwenye joto ikisubiri gari. Ukipita mkono juu ya manyoya na yakatoka yenyewe kiganjani, hiyo imeshakufa. Tunazitupa nyingi tu.

Kwa hiyo dada, ukitaka kujua ngozi yako inatoka wapi, acha kumuuliza mzee wa sokoni. Njoo ununue machinjioni. Utaona mhuri wa mkaguzi kwenye nyama, utaona mnyama alivyofika na alivyochinjwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, muulize msimamizi inafuatwaje pale, utamsikia mwenyewe. Mkanda ni mwembamba, unaweza kukatwa katikati ya matundu. Zile ngozi ambazo kiwanda cha viatu kinazikataa wewe unazihitaji, na bei yake ni ya kutupa.

Kusindika, wapo DIT, ile Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, kampasi ya Mwanza, wanafundisha mambo ya ngozi. Waulize nani anatumia magome. Miwati yenyewe iko Njombe, kuna kampuni imeipanda huko na kukamua dawa ya magome tangu 1949.

Jembe la Mkono

Mchunaji kaua uzi. Narudisha panga langu.

Mama Bobi

Wakuu, narudi baada ya siku tisa.

Nilichemsha. Sufuria ya zamani, vipande vinne, kimoja cha kila roli niliyonayo. Vitatu vilikaa vile vile kama fundi alivyosema, na kile chekundu kiligeuza maji yakawa kama juisi ya rozela. Cha nne, cha roli la kahawia nililolidharau kwa ugumu wake, kilijikunja kama ganda la muhogo juani. Kumbe nilikuwa nayo ya magome miezi yote hiyo, nawekea vikoba vya funguo.

Nimemwandikia yule dada bila kupamba. Nimemwambia mikanda yote niliyomuuzia mpaka leo ni ya kromu na sijui kiwanda. Nimemwambia siendi kwenye plastiki. Nikampa pendekezo: mikanda 10 ya ngozi ya magome, bila rangi, shanga tu, kifungio cha shaba, na nitamtumia jina la machinjio. Bei imepanda, sikuificha. Alikaa kimya siku mbili, nikajua nimeshamkosa. Jana kajibu: nitume kumi, na nikate mikanda mipana zaidi kwa mbwa wakubwa. Zile 50 zilizobaki za oda hajazigusa kwenye barua, kwa hiyo muhula huu ada bado ni kitendawili.

Akina mama wa Monduli wamelalamika, sindano haipiti kwenye ngozi ngumu. Tunatoboa kwanza kwa msumari, kazi imekuwa ya siku moja na nusu badala ya moja. Nimewaongezea.

Mchunaji kaka yangu, nakuja mwezi ujao. Nikinunua ngozi mbichi tano, nitie chumvi kiasi gani zisiharibike njiani mpaka Arusha?

Mchunaji

Ngozi ya kilo 20, chumvi kilo 7 hivi. Ya mawe, iliyosagwa nene. Itandaze upande wa nyama juu, uisugue mpaka kwenye kingo na shingoni, huko ndiko watu husahau. Ipangwe kivulini maji yachuruzike, usiianike chini juani. Na njoo Jumanne, Jumatatu tunachinja wachache.